Uvimbe wa Shingoni: Kusoma Kipimo cha Kifua Kikuu kwa Mbuzi wa Maziwa

Kuna dhana iliyokaa vichwani mwa wafugaji wengi kwamba mbuzi haugui kifua kikuu. TB ni ya ng'ombe, wanasema. Mbuzi ni mnyama mgumu na maziwa yake ni dawa. Mtoto ambaye tumbo lake linakataa maziwa ya ng'ombe hupewa ya mbuzi, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali hupewa ya mbuzi, na kwa kuwa yameshaitwa dawa, wapo wanaoyanywa mabichi, yangali na joto la kiwele.

Dhana hiyo haikuzuka hivihivi. Mbuzi wa kienyeji anayeshinda malishoni, akichuma majani ya vichaka huku upepo ukimpiga, hana nafasi kubwa ya kuvuta pumzi ya mwenzake mgonjwa. Tena wengi wao huchinjwa wangali vijana, kabla ugonjwa unaotambaa polepole haujapata muda wa kujionyesha. Mbuzi wa maziwa ana maisha mengine. Toggenburg wa Babati na Meru, Alpine wa Nyeri, wale wa asili ya Norway walioletwa Mgeta kwenye milima ya Uluguru miaka ya 1980, pamoja na machotara wao wote, hufungiwa bandani, hulishwa kwenye hori moja, hulala wakigusana, na jike akiwa na maziwa mazuri hubaki hapo miaka mingi. Halafu kuna kuhamahama. Beberu mmoja huzungushwa kaya hadi kaya kupanda majike, na katika miradi ya kopa mbuzi lipa mbuzi, mwanambuzi jike wa kwanza huenda kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Ni mpango mzuri sana kwa kipato cha kaya. Kwa bakteria pia ni mzuri.

Wanaoujua ugonjwa huu kwa uchungu ni wafugaji wa Hispania, nchi yenye makundi makubwa ya mbuzi wanaokamuliwa kwa ajili ya jibini. Huko wanasayansi walikuta kwa mbuzi aina ya bakteria wa TB iliyotofautiana kidogo na ile ya ng'ombe. Mwaka 1999 ikaelezwa rasmi, na mwaka 2003 ikapandishwa daraja kuwa spishi kamili, Mycobacterium caprae. Lakini mbuzi hahitaji bakteria mwenye jina lake ili augue. Mycobacterium bovis, yule wa ng'ombe, anamtosha. Na huyo yupo kwetu: nyati wa hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda walijulikana kuwa naye tangu miaka ya 1960, na nchini Tanzania watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamemtoa kwenye tezi za shingo zilizovimba za wagonjwa wa kibinadamu. Huko Ethiopia, mbuzi waliochinjwa wamewahi kukutwa hata na Mycobacterium tuberculosis, yaani TB ya watu. Kwa maneno mengine, mchungaji anayekohoa naye anaweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa mbuzi wake.

Basi suala la kama mbuzi anaugua limekwisha. Linalobaki ni namna ya kumtambua mwenye ugonjwa, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu kipimo kinachotumika zaidi hakimtafuti bakteria. Kinauliza kinga ya mwili wa mbuzi kama imewahi kukutana naye. Karibu kila utata utakaousoma hapa chini, majibu yanayopingana, mbuzi mzima anayeonekana mgonjwa na mgonjwa anayeonekana mzima, unatokana na jambo hilo moja.

Sindano mbili, siku tatu

Kitu kinachodungwa kinaitwa tuberkulini. Asili yake ni kwa Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu. Miaka minane baadaye alitangaza pia kwamba amepata dawa yake, majimaji yaliyotengenezwa kutokana na bakteria hao. Dawa ile haikuponya mtu. Lakini ilionekana kwamba wenye TB wakidungwa walipandwa na homa kali, na wasio nayo hawakupata shida kubwa. Madaktari wa mifugo waliiona faida haraka, na kabla karne ya 19 haijaisha ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanapimwa kwa dawa iliyoshindwa kutibu. Tuberkulini ya leo ni protini iliyosafishwa ya bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto. Nalisisitiza hilo kwa sababu wafugaji huogopa: sindano hii haiwezi kumwambukiza mbuzi TB, wala haimkingi.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Msaidizi anamshika mbuzi, mpimaji ananyoa manyoya sehemu ndogo ubavuni mwa shingo, anakunja ngozi kwa vidole na kupima unene wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita. Namba inaandikwa papo hapo pamoja na namba ya hereni ya mbuzi. Kisha sindano fupi inaingizwa ndani ya ngozi yenyewe, wala siyo chini ya ngozi, na kuachia dawa kiasi cha mililita 0.1. Ikiingia sawasawa, kidole kinahisi hapo hapo kigumba kidogo kama punje ya choroko. Kisipohisiwa, dawa imepenya chini au imemwagika kwenye manyoya, na jibu litakalosomwa baadaye halina maana. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo aliyezoea ng'ombe hupitiliza kirahisi.

Baada ya saa 72 mpimaji anarudi. Inapendeza awe yuleyule, maana mkono mmoja hubana kalipa kwa nguvu na mwingine kwa upole, na tofauti ya milimita moja hapa ni kubwa. Anapima tena mkunjo uleule. Vilevile anatazama kwa macho na kugusa: je, pamejaa maji, pana joto, mbuzi anashtuka akiguswa, ngozi imekufa au inatoa majimaji, tezi ya jirani imevimba? Kurudi baada ya saa 24 kwa sababu gari lilikuwa linapita huko, au siku ya tano kwa sababu ya msiba, ni sawa na kutopima. Uvimbe wa TB ni wa kuchelewa. Hutengenezwa na chembe za kinga zinazokusanyika polepole pale penye protini, hufikia kilele karibu siku ya tatu, kisha hushuka.

Ukipima kwa sindano moja, ile ya tuberkulini ya ng'ombe (iliyotengenezwa kutokana na M. bovis), kanuni iliyoandikwa kwa ng'ombe ndiyo inayoazimwa kwa mbuzi. Unene ukiongezeka kwa milimita 2 au chini ya hapo, bila dalili nyingine mahali hapo, mbuzi anahesabiwa hana. Ukiongezeka kwa milimita 4 au zaidi, au zikiwepo zile dalili za macho na vidole, anahesabiwa anayo. Katikati ni wa mashaka, wa kupimwa tena.

Kwa nini basi sindano mbili? Kwa sababu ukoo wa Mycobacterium ni mkubwa, na wengi wa ukoo huo hawana madhara ya kutajika. Wako udongoni, kwenye maji ya madimbwi, kwenye majani yaliyooza. Wako pia kwa ndege. Ukitembelea banda la mbuzi wa maziwa lililoinuliwa kwa mbao, tazama chini ya sakafu: mara nyingi utakuta kuku wanachakura pumba na chakula kilichomwagika, na usiku wanalala hukohuko. Mbuzi aliyeishi juu ya kuku hao huenda mwili wake umeshakutana na Mycobacterium avium, na kinga yake ikionyeshwa tuberkulini ya ng'ombe inadhani inamtambua adui wa zamani. Shingo inavimba. Mbuzi hana TB.

Ndiyo sababu inadungwa tuberkulini ya ndege, iliyotengenezwa kutokana na M. avium, pembeni, au upande wa pili wa shingo, ili majibu mawili yashindane. Chukua mbuzi aliyeongezeka milimita 6 kwa sindano ya ng'ombe na milimita 6 kwa ya ndege. Kwa kipimo cha sindano moja huyo angekwisha kuhukumiwa. Kwa sindano mbili anaachwa, kwa sababu uvimbe wa ng'ombe haukuuzidi wa ndege. Mwingine ameongezeka 7 kwa ng'ombe na 1 kwa ndege: tofauti ni 6, imevuka 4, na huyo ana kesi ya kujibu. Tofauti ikiwa kati ya 1 na 4, ni wa mashaka.

Hapa pana mtego ambao mafunzo mafupi huuruka. Kuna ugonjwa unaoitwa Johne, unaosababishwa na ndugu wa karibu sana wa bakteria wa ndege. Hukaa kwenye utumbo na kumkondesha mbuzi mwaka baada ya mwaka, mara nyingi bila hata kuharisha kama inavyokuwa kwa ng'ombe. Mbuzi mwenye Johne, au aliyechanjwa dhidi yake kama ilivyo desturi katika baadhi ya makundi ya Hispania, huvimba sana kwa sindano ya ndege. Sasa fikiria mbuzi mwenye Johne na TB kwa pamoja. Uvimbe wa ndege utakuwa mkubwa, utaufunika ule wa ng'ombe, na kanuni ya kulinganisha itamwachia huru mgonjwa. Kwa hiyo sindano mbili si bora kuliko moja kila mahali. Mahali ambapo TB haijawahi kuthibitishwa, mbili zinakuepusha kuchinja wazima. Kundi ambalo TB imeshathibitishwa kwa maabara, moja inakusaidia usiwaache wagonjwa, hata kama itawagusa na wasio na hatia. Mtaalamu anayechagua lazima ajue historia ya banda kabla ya kufungua kisanduku chake.

Mgonjwa ambaye ngozi yake haisemi

Kosa la kumtuhumu mzima linauma mfukoni. La kumwachia mgonjwa ndilo baya zaidi, na lina njia nyingi.

Mbuzi aliyeambukizwa juzi hajibu. Kinga inahitaji wiki kadhaa kujifunza kumtambua adui, na ndani ya muda huo kipimo kitamwita mzima. Upande wa pili wa ugonjwa kuna jambo la ajabu zaidi: mbuzi aliyejaa TB, mapafu yameshatoboka, anakohoa na mbavu zinahesabika, naye anaweza asivimbe hata kidogo. Kinga yake imechoka. Huyo ndiye anayemwaga bakteria wengi kuliko wote bandani, na ndiye anayepita mtihani bila doa. Ukiona kwenye daftari mbuzi mmoja mkondefu, mwenye kikohozi cha muda mrefu, amesomeka 0 na 0 huku wenzake kadhaa wamevimba, usimpongeze. Mtenge kwanza.

Kuzaa nako hupunguza jibu. Kwa ng'ombe inajulikana kwamba wiki za karibu na kuzaa kipimo hulegea, na ni busara kutomhukumu mbuzi aliyezaa majuzi kwa kipimo kimoja. Dawa za jamii ya kotikosteroidi, ambazo hudungwa kwa uvimbe au maumivu, huzima kinga na hivyo kuzima jibu. Tuberkulini iliyosafirishwa kwenye pikipiki bila barafu, juani, huenda imekufa kabla haijafika. Na kuna kipimo cha juzi: ngozi iliyodungwa tuberkulini huchoka, na kwa muda haitajibu vizuri tena. Kwa ng'ombe wa mashaka husubiriwa angalau siku 42 kabla ya kurudia, na kwa mbuzi hufuatwa vivyo hivyo. Mfugaji anayetaka "tuhakikishe wiki ijayo" hataambulia kitu. Wajanja wa biashara nao wanaijua njia hii: mnyama aliyedungwa kimyakimya siku chache kabla ya mnunuzi kuleta mpimaji wake anaweza kuonekana safi.

Kwa nini jibu ni la kundi

Sasa tuweke hesabu ya kufikirika, kwa sababu hapa ndipo watu wenye nia njema hufanya maamuzi mabaya. Tuseme kipimo kinawakamata wagonjwa 80 katika kila 100, na katika kila wazima 100 kinawatuhumu kimakosa 2. Hicho si kipimo kibovu hata kidogo.

Kipeleke kwenye eneo lenye mbuzi 1,000 ambamo 10 tu ndio wenye TB. Kitawakamata 8. Lakini katika wale 990 wazima kitawatuhumu karibu 20. Una mbuzi 28 waliovimba, na 20 kati yao hawana chochote. Peleka kipimo kilekile, mkono uleule, kwenye mbuzi 1,000 ambao 300 ni wagonjwa. Kitakamata 240 na kutuhumu kimakosa 14. Safari hii karibu kila aliyevimba ni mgonjwa kweli, isipokuwa wagonjwa 60 wamepita.

Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni kundi. Ndiyo maana mtu mwenye mbuzi watatu, mmoja akavimba, eneo ambalo TB ya mifugo haijulikani, bado hana jibu. Ana swali zito la kufuatilia. Na mtu mwenye mbuzi 60 ambao 15 wamevimba, na machinjioni umeonekana ugonjwa, asijidanganye kwamba 45 waliobaki ni salama. Kwa mbuzi mmojammoja kipimo kinakisia. Kwa kundi zima, hasa likipimwa zaidi ya mara moja, kinasema jambo unaloweza kuliamini. Mtu anayekuuzia mbuzi mmoja na karatasi ya "hana TB" anakuonyesha karatasi dhaifu. Uliza kundi alikotoka lilipimwa lini, wangapi walivimba, na wako wapi sasa.

Jipu chini ya sikio

Wafugaji wengi wakisikia TB ya mbuzi wanafikiria kile kivimbe cha chini ya sikio au mbele ya bega kinachokua, kinapasuka na kutoa usaha mzito wa rangi ya krimu au kijani. Kwa kawaida hiyo siyo TB. Ni ugonjwa wa majipu ya tezi, unaoletwa na bakteria mwingine kabisa aitwaye Corynebacterium pseudotuberculosis. Waliompa jina walijua kwamba huiga kifua kikuu, na anaiga vizuri: majipu yake huweza kuwa ndani pia, kwenye mapafu na tezi za kifuani, yakiwa na usaha mgumu kama wa TB.

TB ya mbuzi kwa kawaida hupenda kifua. Machinjioni mkaguzi hukuta vinundu na mashimo kwenye mapafu, na tezi kati ya mapafu mawili zikiwa zimevimba, ndani yake vitu vya manjano vinavyomung'unyika au vilivyogeuka chokaa na kukwaruza kisu. Mara nyingine hukuta tezi za utumbo zimeguswa, hasa kwa mbuzi walioupata kwa kunywa maziwa wakiwa wadogo. Jicho lililozoea hukisia vizuri. Hata hivyo ni kukisia, kwa sababu magonjwa haya mawili huweza kuwa kwenye mzoga mmoja. Kikohozi nacho si ushahidi: minyoo ya mapafu hukohoza mbuzi, na homa ya mapafu ya mbuzi huwakohoza na kuwaua kwa siku chache, tofauti na TB inayochukua miezi.

Uthibitisho wa mwisho unatoka maabara. Kipande cha tezi huoteshwa, na bakteria hawa hukua kwa uvivu wa kuudhi, wiki sita hadi nane au zaidi. Hata chakula cha maabara kina siri yake: bakteria wa TB ya watu hupenda gliseroli, ila M. bovis hukua vibaya humo na anataka pairuveti. Maabara inayootesha kwa chakula cha gliseroli kilichozoeleka kwa TB ya watu peke yake inaweza kusema "hakuna kitu" wakati kitu kipo. Kipimo cha vinasaba, PCR, ni cha haraka na kinaweza kutenganisha caprae na bovis kama maabara imejiandaa kwa hilo.

Kuna vipimo viwili vya damu vinavyotajwa sana. Kimoja huchukua damu hai, huichanganya na tuberkulini usiku kucha na kupima kemikali ya kinga, gama-intaferoni. Kinawanasa wengine ambao ngozi iliwaachia, na hakihitaji kurudi bandani siku ya tatu. Kasoro yake ni kwamba chembe za damu lazima zifike maabara zikiwa hai, ndani ya saa chache, jambo jepesi karibu na mji na gumu mno ukiwa Mgeta msimu wa mvua. Cha pili hutafuta kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya adui. Hizo huwa nyingi ugonjwa ukishakomaa, kwa hiyo kipimo hiki hufaa kuwanasa wale waliochoka ambao ngozi yao haisemi. Watafiti wa Hispania wamegundua kwamba damu ikichukuliwa kama siku 15 baada ya sindano ya tuberkulini, kingamwili huwa zimeamshwa na kipimo hunasa wengi zaidi. Hata maziwa yenyewe yanaweza kupimwa kwa njia hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo matumaini ya mfugaji mdogo yalipo, maana chupa ya maziwa husafiri kirahisi kuliko damu hai.

Baada ya uvimbe

Kwetu upimaji wa mbuzi si kazi ya kila siku, na fidia si kitu cha kukitegemea. Ukweli huo unaleta kishawishi kimoja kibaya: mbuzi akivimba, apelekwe mnadani kabla jirani hajajua. Hivyo ndivyo TB inavyopewa nauli ya bure. Mbuzi wa mashaka atengwe, maziwa yake yasiingie kwenye ndoo ya wote, na daktari wa mifugo ajulishwe. Wa uhakika achinjwe mahali penye mkaguzi wa nyama aliyeambiwa mapema cha kutafuta, na tezi zipelekwe maabara. Kumtibu kwa vidonge vya TB vya binadamu ni kosa kubwa. Tiba hiyo ni ya miezi mingi, mbuzi huweza kuonekana amepona huku akimwaga bakteria waliozoea dawa, na dawa zenyewe hupita kwenye maziwa.

Chanjo? BCG, ambayo kila mtoto hapa hupewa na ambayo wanasayansi wa Kifaransa Calmette na Guérin waliitengeneza kutokana na M. bovis, imejaribiwa kwa mbuzi na hupunguza makali ya ugonjwa. Shida yake unaweza kuikisia sasa: mbuzi aliyechanjwa anavimba shingoni kama mgonjwa. Kwa hiyo bado haijawa jibu la bandani.

Wanambuzi wapewe uangalizi wa pekee. Kuchanganya maziwa ya majike wote kwenye ndoo moja na kuwanywesha wadogo ni njia nzuri ya mgonjwa mmoja kufikia kizazi kizima. Maziwa hayo yapashwe moto kwanza. Dang'a haichemshwi kwa sababu itaganda, kwa hiyo mwanambuzi apate ya jike unayemwamini.

Kwa binadamu, joto halina mbadala. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, zinamaliza bakteria hawa; sufuria ikichemka jikoni imevuka hapo. Mtindi uliogandishwa kutoka maziwa mabichi hauna hakika hiyo, uchachu wake hautoshi, na jibini bichi vilevile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao 140,000 waliugua TB iliyotoka kwa wanyama, wengi wao Afrika na Asia ya Kusini Mashariki. Anayechemsha maziwa anajikinga na njia moja tu. Aliyelala kwenye chumba kimoja na mbuzi, au anayesafisha banda lisilo na hewa, bado anavuta pumzi ileile.

Kwa hiyo banda likithibitika kuwa na TB, kaya nayo iende kupimwa, hasa mkamuaji na watoto. Huko kituoni kuna jambo moja ambalo mhudumu hawezi kulijua asipoambiwa. Mashine ya GeneXpert, inayotumika sana katika hospitali zetu, hutambua ukoo mzima wa bakteria wa TB bila kusema ni yupi kati yao, na TB nyingi za kutokana na maziwa hukaa kwenye tezi za shingo au tumboni, ambako makohozi hayafiki. Tena M. bovis kwa asili yake haisikii pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo wa matibabu, ilhali M. caprae huisikia. Mgonjwa aliyevimba tezi za shingo akisema "nafuga mbuzi, na walikutwa na TB", anampa daktari sababu ya kuchukua sampuli ya tezi, kuagiza ioteshwe na kuangalia upya mpangilio wa dawa.